Mtetea anayeatamia kwa mara ya kwanza: tumtunze vipi yeye na vifaranga wake katika joto letu la Pwani?

Mwanzisha uzi, Malindi

Asalaam aleikum, na wote hamjambo. Maswali ninayoulizwa na majirani kuhusu mtetea anayeatamia kwa mara ya kwanza yanafanana sana: kwa nini ameshuka kiotani baada ya juma moja, kwa nini mayai yameviza ilhali jogoo yupo, na kwa nini vifaranga waliotoka wakiwa kumi wamebaki watatu kabla ya mwezi kwisha. Nimeona ni heri tuyaweke mahali pamoja, ili sisi wa Malindi, Watamu na Lamu, ambao hewa yetu ni moja na adui zetu ni wale wale, tuelezane na tusahihishane.

Rai yangu ni kwamba kuku huyu, japo ni mgeni wa kazi, anaijua kuliko tunavyomdhania. Kugeuza mayai, kupima joto kwa ngozi ya kifua, kuwajibu vifaranga wanapolia ndani ya ganda, yote hayo hafundishwi na mtu. Yanayomshinda ni yale asiyoweza kuyatengeneza mwenyewe: joto la mabati, utitiri, siafu, kunguru, maji ya chumvi, na mkono wa binadamu unaomfunua kila saa. Kwa hiyo kazi yetu kubwa iko pembezoni mwa kiota, na mayai tumwachie yeye.

Kwanza ni kuhakikisha kwamba amekusudia. Mtetea anaweza kukaa kiotani mchana kutwa na kesho yake akarudi kuzurura na wenzake, na ukiwa umeshampa mayai mazuri umeyapoteza. Mwachie yai moja au mawili usiyoyahitaji, kisha umtazame kwa siku mbili tatu. Ukimkuta usiku yumo kiotani badala ya kupanda kwenye fito, ukimsogezea mkono akatutumua manyoya na kulia kwa ukali bila kukimbia, na kifua chake kikawa kimeanza kunyonyoka, hapo hana mzaha. Sasa ondoa yale ya kujaribia na umwekee mayai yake yote kwa pamoja, baada ya giza kuingia, ili vifaranga waje kutoka kwa wakati mmoja. Yatie alama ya penseli au mkaa, kwa maana kuku wengine hupenda kuja kutaga katika kiota hicho hicho, na yai lililoingia juma moja baadaye litamfanya mama aondoke na watoto wake huku kifaranga wa yai hilo akifia ndani.

Kuhusu mayai yenyewe nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo Pwani inapotofautiana na bara. Kijusi kilichomo ndani ya yai huanza kukua polepole joto likipita takriban nyuzi 20 au 21 za selsiasi, na nyumba nyingi za Malindi hazishuki chini ya kiwango hicho hata usiku wa kusi. Yai lililokaa kabatini majuma mawili wakati wa kaskazi huwa limeanza kukua kidogo kidogo na kufa kabla kuku hajalikalia, kisha lawama zote humwangukia jogoo. Ndiyo sababu sipendi kumwekea mtetea yai lililozidi siku saba, na wakati wa joto kali napendelea yasizidi tano. Yahifadhi mahali pa baridi zaidi nyumbani, mathalani kwenye kivuli karibu na mtungi wa maji, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Usiyaoshe, kwa kuwa yai hutoka na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya kwenye vitundu vya ganda, na maji huuondoa. Lenye kinyesi kingi au ufa liende jikoni.

Idadi nayo isitutie tamaa. Kuku wa kienyeji mwenye uzoefu anaweza kufunika mayai 12 au zaidi, lakini mtetea mwenye mwili mdogo nampa 8 hadi 10. Kuku huyageuza na kuyahamisha mayai yake mara nyingi kwa siku, la katikati likaenda pembeni na la pembeni likaingia katikati. Kwa hiyo yakizidi upana wa mwili wake halipoi moja tu, bali kila moja hupata zamu yake ya kukaa nje na kupoa. Wenye kuku aina ya kuchi wazingatie zaidi, kwa sababu kuchi ni mrefu wa miguu na manyoya yake yamebana mwili, hivyo hafuniki mayai mengi kama ukubwa wake unavyoonyesha.

Kiota kiwe chini ya makuti au kivuli cha kweli. Kuku anayeatamia chini ya mabati wakati wa kaskazi hukaa mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha, na mwisho huyakimbia mayai ili aokoe roho yake. Tengeneza shimo la kina kifupi katika boksi au tenga, uweke mchanga wenye unyevu kidogo chini, nyasi kavu juu yake, na majani makavu ya mwarobaini katikati ya nyasi. Kabla hajaanza kazi, mkague chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja, umpake dawa ya unga ya utitiri na viroboto, na umwachie mahali pa kuoga mchanga uliochanganywa na majivu. Utitiri hujificha katika nyufa mchana na kumnyonya damu usiku. Mtetea wengi wanaosemwa kuwa ni wavivu wa kulalia wamefukuzwa na wadudu hawa. Siafu na majimoto nao huvutwa na harufu ya yai lililotobolewa, basi kiota kikiwa juu ya meza, kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji.

Kila siku atashuka mara moja, ale, anywe, aoge mchanga na kuangusha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, ambacho si ugonjwa. Mahindi mazima na maji safi viwe karibu. Akikawia nusu saa usimkimbize kumrudisha, kwa sababu katika joto letu mayai hayafi kwa muda huo. Siku ya saba, usiku, unaweza kuyamulika kwa tochi: lililo hai linaonyesha mishipa iliyotandaa kama utando wa buibui, na lililo wazi kabisa liondolewe. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena.

Vifaranga hutoka siku ya 21, wengine hutangulia au kuchelewa kwa siku moja au mbili. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kupumzika hadi saa 24 kabla ya kutoka, na katika muda huo damu iliyo kwenye utando wa yai na kiini kilichobaki vinaingia mwilini mwake. Anayemvunjia ganda kwa huruma humtoa damu. Kiini hicho humtosha kwa siku mbili bila kula wala kunywa, na ndiyo maana mama anaweza kuendelea kuwakalia wa mwanzo huku akiwangoja wa mwisho. Waacheni hadi ashuke nao mwenyewe.

Naomba wenye uzoefu waongeze, hasa juu ya majuma ya kwanza baada ya kuanguliwa.

Mchangiaji, Lamu (Mkomani)

Aleikum salaam. Shukrani, Bwana mwanzisha uzi. Sisi wa mji wa kale hatuna shamba. Kuku wetu hukaa katika kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, ambao uko wazi juu. Paka wa Lamu hawahesabiki na kunguru hawaondoki ukutani. Mtetea wangu ameshuka na vifaranga tisa, na jirani amenishauri nimfunge mama kamba mguuni ili watoto wasiende mbali. Je, ni ushauri mzuri? Na chakula chao ni kipi, kwa kuwa duka la vyakula vya mifugo si la karibu na maji ya kisima chetu yana chumvi?

Mwanzisha uzi, Malindi

Ndugu yangu wa Mkomani, tafadhali usimfunge. Mama aliyefungwa kamba atawaona watoto wake wakichukuliwa umbali wa hatua tatu na hawezi kufika. Mtetea mwenye watoto humrukia hata paka, na silaha yake yote ni ule mruko.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si ndege wa kwetu tangu asili. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakasambaa mwambao mzima, na wamekuwa balaa kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja. Mfugaji wa vifaranga aichukue habari hiyo kwa uzito wake, kwa maana kunguru ni mwerevu: hutazama saa unayotoka na saa unayoingia, huja wawili, mmoja akamchokoza mama huku wa pili akibeba mtoto. Sijaona dawa iliyo bora kuliko kizuizi cha juu. Kwenye kiwanda chako una kuta nne tayari, basi nunua nyavu kuukuu kwa wavuvi, zenye macho madogo, uzitandaze juu ya kona moja na kuzikaza barabara. Nyavu iliyolegea hunasa miguu ya vifaranga na shingo ya mama, kwa hiyo sehemu ya chini izibwe kwa mbao au matofali kimo cha goti, na nyavu ianzie hapo kwenda juu. Wakae humo majuma manne au sita ya kwanza. Wako wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili kuwababaisha ndege. Kunguru aliyezoea mtaa hababaiki kwa muda mrefu, na mimi nategemea nyavu.

Usiku wawe ndani ya kizimba chenye sakafu na mlango unaofungwa, kwa sababu ya paka, panya na nguchiro. Kwetu mashambani tunamwongeza kenge.

Chakula bora ni kile cha dukani cha vifaranga, chenye protini ya takriban asilimia 18 hadi 20, na mama ale hicho hicho. Usiwape cha kuku wa mayai, kwa kuwa chokaa iliyomo humo huharibu figo za vifaranga. Kwa kuwa duka liko mbali, waanzishie chenga za mchele au mahindi yaliyosagwa kwa kuparaza, uchanganye na yai lililochemshwa na kupondwa, dagaa wakavu waliotwangwa, na mchwa ukiwapata. Mboga laini kama mchicha zikatwe vipande vidogo. Chicha la nazi wengi wetu huwatupia, lakini katika joto hili huchacha haraka, basi liwe bichi, kidogo, na si katika juma la kwanza.

Chumvi ndiyo inayonitia hofu kwa upande wenu. Kifaranga hawezi kuimudu kama kuku mkubwa. Ng'onda na mabaki ya samaki wa chumvi yasiwafikie kabisa, na dagaa wawe wale waliokaushwa bila chumvi, la sivyo waroweke na kumwaga maji yake kabla ya kuwakausha tena. Ukiona wanakunywa bila kukoma, wanaharisha maji na kulegea, fikiria chumvi kabla ya kufikiria ugonjwa. Wape maji yasiyo na chumvi mnayokunywa wenyewe, yawe ya mfereji au ya mvua kutoka kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji. Vifaranga tisa hawamalizi hata kikombe kwa siku katika juma lao la kwanza. Yatie katika sahani ya kina kifupi na upange vijiwe ndani, ili wasimame juu yake na wasizame. Kifuu cha nazi hupinduka mama anapochakura, ila ukikichimbia nusu mchangani kinafaa sana.

Mchangiaji, Malindi (Maweni)

Samahani kwa kuingilia. Mtetea wangu ameanza kuangua leo asubuhi, na kifaranga wa kwanza amemdonoa hadi akatoka damu kichwani. Nimemchukua mtoto nikamweka kwenye boksi lenye kitambaa. Nina hofu atawaua wote. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi, Malindi

Pole sana, dada. Jambo hili hutokea kwa mtetea, kwani kiumbe anayetikisika chini yake ni kitu ambacho hajawahi kukiona, na kelele za watu huongeza kiherehere. Watoto wa nyumbani wasikaribie, kiota kifunikwe nusu kwa gunia ili pawe na giza, na kuku wengine wahamishwe. Kifaranga uliyemtoa mtunze kwa joto hadi usiku. Boksi lake liwe na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na upande mmoja uachwe bila joto ili aweze kujisogeza. Giza likishaingia, mteleze chini ya mama kutoka nyuma, polepole, bila taa ya kummulika machoni. Kabla ya alfajiri kuwa nyeupe uwe hapo kumtazama. Wengi huamka wakiwa wamewakubali, hasa wanapoisikia sauti ya kifaranga ikitoka chini ya mwili wao wenyewe.

Akiendelea kuwadonoa kwa nia ya kuua, na si kule kuwagusa mdomo kwa kuwajua, basi waondoe wote. Vifaranga wasio na mama wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha joto lipunguzwe kama nyuzi 3 kila juma. Mchana wa Malindi unakusaidia sana katika hilo, ila usiku usidanganyike na jasho lako: wakijikusanya na kulia wana baridi, wakitawanyika midomo wazi wana joto. Anayetumia jiko la mkaa ahakikishe hewa inapita, kwa maana moshi wake huua vifaranga na watu.

Mchangiaji, Mpeketoni

Bwana mwanzisha uzi amesema mengi ya haki, lakini chanjo haijatajwa, nami nimewachanjia wafugaji kuku kwa miaka. Mnaweza kuwashinda kunguru na paka wote, kisha kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, kikapita mtaani na kufagia banda zima. Ugonjwa huo hauna tiba. Chanjo yake inatengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, na huwekwa kwa tone la jicho. Kuna aina inayostahimili joto kidogo, lakini hata hiyo haifai kubebwa mfukoni juani. Ibebeni katika chupa ya chai yenye barafu. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa inatakiwa iishe ndani ya saa chache, hivyo majirani kumi wenye kuku wanane wanane wakikubaliana siku moja, gharama inakuwa ndogo na mtaa mzima unakingwa. Irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kumchanja mama kabla hajaanza kutaga. Kinga yake hupita katika kiini cha yai na kumlinda mtoto katika majuma yake ya mwanzo. Akishaanza kuatamia, mwacheni atulie. Ndui ya kuku husambazwa na mbu, nasi mbu tunao, kwa hiyo chanjo yake ya kuchoma kwenye ubawa ifanywe watoto wakifikisha majuma sita au manane. Na kuanzia juma la tatu mchunge kinyesi: kikiwa na damu, ni kuhara damu kunakotokana na sakafu yenye unyevu, na mkimbilie kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, huku mkibadilisha matandiko yote.

Mchangiaji, Lamu (Mkomani)

Nimefaidika mno. Nyavu nitaitafuta leo. Ila wako wanaosema vifaranga watenganishwe na mama wakiwa na juma moja ili arudi kutaga mapema. Bwana mwanzisha uzi unaonaje?

Mwanzisha uzi, Malindi

Kwa mfugaji mwenye banda la kulelea na chakula cha uhakika, hesabu hiyo inaweza kumfaa, kwa kuwa kuku anayelea hukaa majuma sita hadi nane bila kutaga. Kwa mtetea wa uzazi wa kwanza siungi mkono. Amepungua mwili sana kwa kula mara moja kwa siku, na yale majuma ya kulea ndiyo anayoyatumia kujirudisha, iwapo tu unamlisha vizuri. Watoto nao hujifunza kwake kipi kinaliwa, wapi pa kujificha, na maana ya ule mlio wake mkali anapoona kivuli angani. Wakishaota manyoya kamili na yeye mwenyewe akaanza kuwafukuza kwenye chakula, hapo watenganishe.

Nakushukuru, ndugu wa Mpeketoni. Majirani zangu nitawaambia habari ya kuchanja siku moja.

Mchangiaji, Malindi (Maweni)

Naleta habari. Niliwateleza usiku kama ulivyoniagiza, na asubuhi hii amewafunika wote, hata yule mwenye kidonda. Wametoka saba. Yamebaki mayai mawili, moja limetobolewa tangu jana jioni na kifaranga analia ndani, na mama ameanza kuinuka inuka. Nilivunje?

Mwanzisha uzi, Malindi

Alhamdulillahi. Usilivunje bado, dada. Tangu jana jioni saa 24 hazijatimia, na anayelia ana nguvu. Mama akishuka na wale saba kabla huyu hajatoka, lichukue yai hilo ulifunge kwa kitambaa chenye uvuguvugu na unyevu kidogo, tundu likiwa juu na wazi ili apumue, uliweke kwenye lile boksi la chupa ya maji ya moto, na umrudishe kwa mama usiku akiwa amekauka. Lile la pili litikise polepole karibu na sikio. Likisikika maji yakicheza ndani limeviza, lizike mbali kabla halijapasuka kiotani. Yule mwenye kidonda mpake maji ya chumvi kidogo sana kwa pamba, umkaushe, na umzuie asidonolewe na wenzake, kwa maana rangi ya damu huwavuta. Ikifika magharibi na yule wa ndani bado hajaongeza tundu, tuandikie hapa kabla hujaligusa ganda.